Kabla ya Kujaza Fomu: Masomo ya Sharti na Njia ya Kuingia Tiba kwa Vitendo

Nazungumza na ninyi mliotoka zamu ya usiku na bado mko garini, ninyi mnaojiandaa kuingia ya asubuhi, na ninyi mlioko nyumbani Afrika Mashariki ambao mna mtoto, kaka au shangazi anayehangaika na masomo ng'ambo. Leo nataka tuzungumze kuhusu masomo ya sharti, yaani yale ambayo mtu hutakiwa kuyamaliza kabla ya kuomba nafasi ya kusomea tiba kwa vitendo, yaani occupational therapy, nchini Marekani, na jinsi yanavyopatikana katika vyuo vya jamii, au komyuniti koleji kama wengi mnavyoviita.

Kuanzia Minneapolis hadi Houston, kuanzia Columbus kule Ohio hadi Portland katika jimbo la Maine, ndugu zetu wengi wanaendesha maisha kwa kazi ya kutunza wazee na wagonjwa. Ni wasaidizi wa wauguzi. Wanaogesha, wanavisha, wanalisha, wanamgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Na katika nyumba hizo hizo humwona mtu mwingine akija na kijiko chenye mpini mnene, akakaa na mzee aliyepata kiharusi, akamfundisha upya kujilisha na kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Huyo ndiye mtoa tiba kwa vitendo. Mwenzake wa fiziotherapia hushughulika zaidi na mwendo na nguvu za viungo. Huyu wa vitendo huuliza: mama huyu akirudi kwake ataweza kuoga? Ataweza kupika? Mtoto huyu mwenye usonji atawezaje kuketi darasani na kushika penseli? Kijana huyu aliyetoka wodi ya magonjwa ya akili atapangaje siku yake ili asirudi tena huko?

Wengi wenu mnaijua kazi hiyo kwa macho na kwa mikono kuliko kijana anayeisoma kitabuni. Mnajua mzee anavyoona haya kuvishwa suruali na mtu baki. Mnajua mgonjwa anavyofurahi siku anayofika chooni mwenyewe. Ndiyo maana naumia ninapoona watu wenye ujuzi huo wakikaa miaka kumi katika kazi ile ile, si kwa kupenda, bali kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha mlango uliko.

Basi tuuangalie mlango huo. Tangu mwaka 2007 chombo kinachotoa ithibati kwa programu hizi, ACOTE, kinadai kwamba mafunzo ya kuwa mtoa tiba kwa vitendo yawe ya ngazi ya uzamili au uzamivu wa kitaaluma. Uzamili huchukua kama miaka miwili au miwili na nusu, na ule uzamivu kama mitatu. Ndani yake kuna mafunzo ya kazini ya wiki zisizopungua 24 chini ya mtaalamu mwenye leseni. Ukimaliza, unafanya mtihani wa taifa wa bodi iitwayo NBCOT, kisha unaomba leseni ya jimbo lako. Kwa mujibu wa Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, mshahara wa kati wa watoa tiba kwa vitendo mwaka 2023 ulikuwa dola 96,370 kwa mwaka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: shahada ya kwanza unayoingia nayo inaweza kuwa ya fani yoyote. Programu nyingi hazijali kama ulisoma uhasibu, historia au Kiswahili. Zinachojali ni kwamba, pamoja na shahada hiyo, umepita katika masomo fulani ya msingi. Chuo kinataka kuwa na hakika kwamba huyu mhasibu anajua mshipa wa fahamu unapita wapi kabla hajakabidhiwa mkono wa mtu.

Masomo yenyewe hayatofautiani sana kati ya chuo na chuo. Kuna anatomia na fiziolojia ya binadamu, sehemu ya kwanza na ya pili, pamoja na maabara. Kuna takwimu. Kuna saikolojia ya ukuaji wa binadamu, kuanzia mtoto tumboni hadi uzeeni, na kuna saikolojia ya maradhi ya akili. Kuna sosholojia au anthropolojia. Vyuo vingine huongeza fizikia, istilahi za tiba, au somo la mwendo wa mwili. Kwa mtu aliye Texas, mengi ya haya yana namba zinazofanana katika vyuo vya jamii vya jimbo zima: BIOL 2401 na BIOL 2402 ni anatomia na fiziolojia, MATH 1342 ni takwimu, PSYC 2314 ni saikolojia ya ukuaji, SOCI 1301 ni sosholojia. Ziandikeni mahali.

Sasa, kuhusu vyuo vya jamii. Najua maneno yanayosemwa kwenye harusi zetu na kwenye vikao vya michango: kwamba hivyo ni vyuo vya walioshindwa kwingine, kwamba mtoto wa fulani yuko yunivasiti na wa fulani yuko koleji tu. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba maneno hayo yanawagharimu watu wetu fedha na miaka. Chuo cha kwanza cha umma cha aina hii, Joliet kule Illinois, kilianza mwaka 1901, na tangu hapo vyuo hivi vimekuwa mahali ambapo mfanyakazi, mama mwenye watoto na mgeni aliyehamia juzi anaweza kusoma jioni na kulipa kidogo. Maabara ya anatomia ya huko ina mifupa ile ile iliyoko kwenye chuo kikuu. Mara nyingi utakaa na wenzako wachache, mbele ya mwalimu ambaye kazi yake ni kufundisha tu.

Chukueni mfano wa California. Kwa mkazi wa jimbo, ada ya chuo cha jamii ni dola 46 kwa kila uniti, na imebaki hapo tangu mwaka 2012. Tuseme unachukua anatomia na fiziolojia kwa uniti 8, takwimu uniti 4, saikolojia zote mbili 6, na sosholojia 3. Jumla ni uniti 21, na ada yake ni dola 966. Ongeza vitabu na nauli. Mwenye kipato kidogo anaweza hata kusamehewa ada hiyo kupitia msaada wa jimbo uitwao California College Promise Grant. Lakini mkazi hapa ana maana ya kisheria: uwe umeishi katika jimbo zaidi ya mwaka mmoja kwa nia ya kubaki. Aliyehamia mwezi uliopita kutoka Ohio atalipa mara kadhaa ya kiasi hicho, na kwake huenda ni busara kusubiri.

Naomba nikae kidogo kwenye anatomia na fiziolojia, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama, na hapo ndipo wasomaji wa maombi huangalia kwanza.

Fikirieni mkono. Kiganja na vidole vya mkono mmoja, pamoja na kifundo, vina mifupa 27. Minane kati yake imejipanga kwenye kifundo peke yake, na kila mmoja una jina la Kilatini. Kuna mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo hicho, kwenye njia nyembamba, na ukibanwa pale, kidole gumba kinaanza kupoteza nguvu na vidole vya jirani vinakufa ganzi. Mpishi wa hoteli, fundi cherehani, mpiga taipu, wote wanaweza kuipata shida hiyo. Mshipa huo unaanzia shingoni, unapita begani, unashuka hadi vidoleni. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kukulalamikia ganzi ya kidole, na chanzo chake kiko shingoni. Mtoa tiba asiyeijua njia hiyo atashughulika na kidole miezi sita bila faida. Somo hilo hubeba majina yanayotisha, lakini maana yake ni hiyo: kumtazama mtu anayeshindwa kushika kikombe na kujua wapi kamba imekatika.

Ni somo linalohitaji saa nyingi. Kuna mihadhara, kuna maabara ya kila wiki, kuna mitihani ambapo unasimama mbele ya mfupa wenye kibandiko na unatakiwa kuandika jina lake, tahajia ikiwa sahihi, ndani ya dakika moja. Kwa aliyesoma sekondari kwa Kifaransa, kama ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi, kuna mzigo wa lugha juu ya mzigo wa somo. Lakini hapo ndugu wa Kongo wana jambo la kuwasaidia: maneno mengi ya anatomia yametoka katika Kilatini na Kigiriki, na aliyesoma Kifaransa huyatambua haraka kuliko anavyodhani.

Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo, na ninaushikilia. Muhula wa kuchukua anatomia na fiziolojia, usichukue somo lingine la sayansi. Kama unaweza, usichukue somo lingine lolote. Punguza zamu za ziada. Najua kodi ya nyumba haingoji na nyumbani wanatarajia fedha kila mwisho wa mwezi. Lakini sikilizeni sababu. Maombi ya programu nyingi za tiba kwa vitendo hupitia mfumo mmoja wa pamoja uitwao OTCAS. Mfumo huo unadai transkripti za kila chuo ulichowahi kusoma, hata kama ulisoma somo moja tu ukaacha. Na unapokokotoa wastani wako wa alama, unahesabu kila jaribio. Chuo chako cha jamii kinaweza kukuambia kwamba ukirudia somo alama ya zamani inafutwa. Kwao imefutwa. Kwenye OTCAS, ile F ya mwaka ule ulipokuwa unapiga zamu mbili mfululizo bado ipo, imekaa kando ya A yako mpya. Kwa hiyo ukiona muhula unakuelemea, nenda kwa ofisi ya usajili kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa. Herufi W kwenye transkripti inaelezeka. F inaelezeka kwa shida zaidi.

Jingine kuhusu somo hili: sehemu ya kwanza na ya pili zichukulie chuo kimoja. Vyuo havigawi viungo vya mwili kwa namna moja. Ukihama katikati unaweza kusoma moyo mara mbili na usisome figo kabisa. Tena kuna vyuo, hasa California, vinavyofundisha anatomia peke yake na fiziolojia peke yake, na kabla ya hapo vinadai kemia au biolojia ya msingi. Hilo linaweza kukuongezea muhula mzima ambao hukuupanga.

Takwimu, saikolojia na sosholojia ni nyepesi kidogo kwa walio wengi, ingawa takwimu huogopwa bila sababu. Nitasema tu kwamba saikolojia ya maradhi ya akili haijawekwa pale kwa bahati. Fani ya tiba kwa vitendo ilizaliwa kwa sehemu kubwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Chama chake kiliundwa mwaka 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Eleanor Clarke Slagle, aliyeamini kwamba mgonjwa aliyetelekezwa wodini anaweza kurudishiwa mazoea ya kawaida ya siku: kuamka, kunawa, kufanya kazi, kupumzika. Daktari wa akili William Rush Dunton alikuwa pamoja naye.

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu ya leo. Makosa makubwa ninayoyaona hayafanyiki darasani. Yanafanyika kabla ya kujiandikisha. Mtu anasikia kwa rafiki kanisani au msikitini kwamba masomo ya sharti ni haya na haya, anaanza, anayamaliza kwa jasho, halafu ndipo anafungua ukurasa wa chuo kikuu anachokitaka na kukuta hakikubali nusu yake. Mpango huu unapaswa kuanza mwisho. Chagua kwanza programu unazotaka kuomba, kisha urudi nyuma hadi kwenye koleji ya mtaani kwako.

Kwa nini? Kwa sababu kila programu ina masharti yake madogo madogo. Kuna zinazokubali C, na kuna zisizotaka chochote chini ya B. Kuna zinazokubali maabara iliyosomwa kwa njia ya mtandao, na kuna zinazotaka uwe umesimama maabarani kwa miguu yako. Kuna zinazodai saikolojia ya maradhi ya akili iwe ya ngazi ya mwaka wa tatu au wa nne, na ile ya chuo cha jamii, ambayo kwa kawaida ni ya mwaka wa pili, haitoshi. Na kuna suala la muda. Vyuo vingi huweka ukomo: somo la sayansi liwe limesomwa ndani ya miaka mitano, au saba, au kumi kabla ya kuomba. Dada yangu aliyesoma anatomia mwaka 2014, akazaa, akalea, na sasa yuko tayari, huenda akalazimika kulirudia. Kwa hiyo usianze na anatomia kama hujui utaomba lini. Anza na sosholojia na takwimu, ambazo katika vyuo kadhaa hazibanwi na muda hivyo.

Kwa aliyesoma Afrika Mashariki kuna hatua ya ziada. Shahada yako ya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere au Bujumbura itahitaji kutathminiwa, somo kwa somo, na shirika kama WES. Tathmini hiyo ndiyo itakayosema inalingana na nini. Na hata ikilingana, programu kadhaa hutaka masomo ya sharti yenyewe yawe yamesomwa katika chuo cha Marekani. Hapo ndipo chuo cha jamii kinapokuwa daraja la bei nafuu. Waliosoma fani yenyewe kwa stashahada, kwa mfano katika KMTC nchini Kenya au KCMC kule Moshi, wasianze kusoma chochote kabla ya kupitia masharti ya NBCOT kwa waliosomea nje. Na aliye na viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, akumbuke kwamba sheria inamtaka asome muda wote; ule mpango wa somo moja kwa muhula si wake.

Fedha. Ruzuku ya serikali iitwayo Pell hukoma mtu akishakuwa na shahada ya kwanza, hata kama aliipata nje ya Marekani. Upo mkopo wa serikali kwa ajili ya masomo ya maandalizi ya kuingia uzamili, lakini ni kwa miezi 12 mfululizo tu, na lazima uwe unasoma angalau nusu ya mzigo kamili. Na mbele yenu hali imebana zaidi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imefuta mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na kwa wanafunzi wa uzamili imeweka ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Maana yake ni kwamba kila dola unayookoa kwenye chuo cha jamii leo ni dola ambayo hutaitafuta kwa riba za benki kesho.

Kuna njia nyingine ambayo sitaki ipite bila kutajwa. Vyuo kadhaa vya jamii, Houston Community College kikiwa kimojawapo, vina programu ya msaidizi wa mtoa tiba kwa vitendo. Ni ya miaka kama miwili, ina wiki 16 za mafunzo ya kazini, mtihani wake wa NBCOT na leseni yake. Humo pia kuna masomo ya sharti, lakini machache, na huhitaji kuwa na shahada ya kwanza. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo na bila shahada, mimi ningeanza hapo. Ni kazi kamili, yenye heshima na mshahara wa kueleweka, na wako wanaoendelea baadaye hadi uzamili.

Mwisho, zile saa za kushuhudia kazi. Programu nyingi huuliza kama umewahi kukaa na mtoa tiba kwa vitendo ukimwangalia akifanya kazi, na baadhi zinadai saa kadhaa zilizotiwa saini. Hapa wasaidizi wa wauguzi mna nafasi ambayo wengine wanaitafuta kwa barua na simu. Mtaalamu huyo yuko kwenye korido yenu. Mwombe kwa adabu, nje ya zamu yako, na mwombe meneja wako ruhusa. Zamu zako za kazi hazihesabiwi kama saa hizo. Lazima uwe pale kwa ajili ya kuangalia. Na mtu huyo huyo, akikuona mara kwa mara, ndiye atakayekuandikia barua ya mapendekezo yenye maneno ya kweli.

Basi nawaomba jambo moja, ninyi mnaoifikiria njia hii. Wiki hii tafuteni programu tatu zenye ithibati ya ACOTE. Orodha ya programu hizo iko wazi kwenye tovuti ya chombo hicho. Andikieni ofisi ya udahili ya kila moja na mwulize: Je, mnakubali masomo haya kutoka chuo hiki cha jamii, kwa majina na namba hizi? Mnataka alama gani ya chini? Somo likae miaka mingapi kabla halijapitwa na wakati? Maabara ya mtandaoni mnaikubali? Majibu yahifadhini kwa maandishi, kisha ndipo mwende kwa mshauri wa masomo wa koleji. OTCAS hufunguliwa kila mwaka mwezi wa Julai, na kwa mtu anayefanya kazi na kusoma somo moja au mawili kwa muhula, masomo haya huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Hesabuni kurudi nyuma kutoka Julai mnayoitaka.